Pedi za breki kwa mwendo mkali: kauri, nusu chuma au za mashindano?

BoksaNyeusi
Wakuu, habari. Gari ni Impreza WRX, diski za mbele mm 294, kalipa (vibanio vinavyosukuma pedi kwenye diski) za pistoni mbili. Safari ni Dar–Iringa na kurudi, ikiwemo kushuka Kitonga. Pedi za sasa ni za kauri: mwanzo wa mteremko zinashika, baadaye mguu (pedali ya breki) unabaki mgumu lakini gari halipungui mwendo. Nifunge nusu chuma (zilizochanganywa na chembe za chuma) za kawaida, za barabarani zenye nguvu kama Ferodo DS2500, au za mashindano kabisa?

FunguoKumi
Mguu mgumu na gari halishiki maana yake pedi zimezidiwa na joto. Gundi iliyoshikilia mchanganyiko wa pedi inaungua, inatoa gesi, msuguano unashuka. Ungekuwa mguu laini unaozama hadi chini, hapo fluidi (mafuta ya breki) imechemka, na pedi ya bei yoyote isingekusaidia. Wengi wanachanganya haya mawili.

Kauri ni za mjini: kimya, vumbi kidogo, haziumizi diski. Nusu chuma zinavumilia joto zaidi, ila zinapitisha joto hilo kwenye kalipa, rimu zinakuwa nyeusi na asubuhi zinalia. Za mashindano zitoe kwenye orodha kabisa. Zikiwa baridi hazishiki na zinasaga diski. Mtu akikatiza barabara ghafla alfajiri, unahitaji breki ya mguso wa kwanza. DS2500 inashika tangu ikiwa baridi na inastahimili joto. Kelele kidogo utavumilia.

Mizani
Naongeza hesabu. Gari la kilo 1,500 kusimama kutoka kilomita 100 kwa saa ni kilojuli 580 hivi. Kutoka 120 ni 830. Kushuka mita 300 za wima kwa breki peke yake ni megajuli 4.4, sawa na kusimama kutoka 100 zaidi ya mara saba bila kupoa. Kwa hiyo shusha gia kabla ya mteremko, kanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha achia. Kuegemeza mguu kidogo kidogo njia nzima ndiko kunakounguza pedi.

Dukani soma herufi mbili ubavuni mwa pedi. Ya kwanza ni msuguano wa kawaida, ya pili wa joto. E ni 0.25–0.35, F ni 0.35–0.45, G ni 0.45–0.55. FE inamaanisha inalegea ikipata moto. Vipimo hivyo vinaishia nyuzi 340 hivi; zaidi ya hapo herufi hazikuambii kitu.

FunguoKumi
Na fluidi, mkuu. Madaraja yake huandikwa DOT: DOT 3 mpya kiwango chake cha chini cha kuchemka ni nyuzi 205, ikishanyonya unyevu 140. DOT 4 ni 230 na 155. Weka DOT 4 mpya, toa upepo magurudumu yote, rudia kila baada ya miaka 2. DOT 5 ya silikoni usiiguse.

BoksaNyeusi
Nimeelewa, kiongozi. Na mtetemo kwenye usukani nikifunga breki kutoka 100? Fundi anasema diski zimepinda.

Mizani
Mara nyingi hazijapinda, ni mabaki ya pedi yaliyoganda kwa mabaka. Hutokea ukisimama na kushikilia mguu wakati diski ni za moto sana. Chonga diski, mradi zisishuke chini ya unene ulioandikwa kwenye diski yenyewe. Safisha pini za kalipa na uzipake grisi ya silikoni. Pedi ya ndani ikiisha kabla ya ya nje, pini imekwama.

Kisha zoesha pedi mpya kwenye barabara tupu: mara 8 hadi 10 kutoka 60 hadi 10, kwa nguvu ya wastani, halafu mara 4 au 5 kutoka 90 hadi 20, nguvu zaidi. Usisimame kabisa. Harufu ya kuungua itatoka, ni kawaida. Endesha dakika 10 bila kugusa breki ndipo uegeshe. Diski ikiwa na rangi ya kijivu iliyosambaa sawasawa, imekubali.