Kupima risasi za kujaza mwenyewe kwenye baridi: nje, ndani, au kungoja Aprili?

Mwanashabaha_MN (Minneapolis)

Wakuu, habari za majira. Toka Oktoba nimeanza kujaza risasi zangu za 9mm mwenyewe (yaani kutia fataki ya kuwashia, baruti na kichwa kwenye ganda), na sasa nina mafungu manne ya majaribio, risasi ishirini ishirini: mawili ya kichwa cha greini (kipimo kidogo cha uzito) 124 na mawili ya greini 147. Baruti ni ya aina moja. Vipimo vya baruti ni vya kitabu cha kujazia, nimeanzia chini nikapanda kidogo kidogo, na kila ganda nimelimulika kwa tochi kabla ya kulifunga kichwa.

Nataka kuingia mashindano ya USPSA, chama cha shabaha cha Marekani, msimu huu. Kwa wasiojua, huko risasi yako lazima ifikie kigezo cha nguvu cha 125: uzito wa kichwa kwa greini, mara mwendo kwa futi kwa sekunde, gawanya kwa elfu moja. Desimali hazihesabiwi. Kichwa cha 147 kikienda futi 850 unapata 124.95, umeanguka. Kikienda 851 umepita. Ndiyo maana sitaki kubahatisha.

Sasa nje ni nyuzi 16 chini ya sifuri. Naona njia tatu: kwenda renji ya nje hivyo hivyo, kulipia renji ya ndani yenye joto, au kufunga boksi hadi Aprili. Mliokwisha kupita hapa, ipi inatoa namba za kuaminika?

Mzee_wa_Duluth

Kijana, nenda nje. Mimi huu ni mwaka wa kumi na moja najaza risasi, na kila Januari napima nje.

Lakini kwanza ujue unapima nini. Baruti ikipoa huwaka polepole zaidi, shinikizo hupungua na mwendo hushuka. Kinachotakiwa kupoa ni risasi yenyewe, hewa ni jambo dogo. Nawaona watu wanakuja renji na boksi lililotoka sasa hivi kwenye gari lenye hita, wanapiga dakika tano, wanaandika daftarini "nyuzi 15 chini ya sifuri". Walichopima ni risasi ya nyuzi 20 iliyopigwa penye hewa baridi, na mwezi wa nne daftari hilo litawadanganya.

Gawa kila fungu nusu kwa nusu. Nusu moja ilale kwenye gereji isiyo na hita, ndani ya boksi la bati lenye kufuli. Nusu nyingine ibaki ndani ya nyumba, na asubuhi uitie kwenye lile boksi la barafu la kubebea soda wakati wa kiangazi. Linavyozuia joto ndivyo linavyozuia baridi. Weka humo kipimajoto, na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa taulo, isiwe ya moto.

Halafu usiiache risasi ikae ndani ya kasiba iliyokwisha pata moto. Ingiza, lenga, piga. Ukiiacha hata dakika mbili huku unapuliza vidole, hiyo si risasi baridi tena.

Msimu uliopita 124 zangu za ndani ya nyumba zilitoa wastani wa futi 1,048. Zilizolala gereji, kwa nyuzi 15 chini ya sifuri, zilitoa 1,017. Kigezo kikatoka 129 hadi 126. Baruti nyingine itakupa pengo kubwa zaidi au dogo zaidi, kwa hiyo usichukue namba zangu ukazifanya zako.

MamaZuri (Columbus)

Shikamoo Mzee. Kwa heshima zote, mimi nitamshauri kaka aende ndani.

Mashindano yenyewe yanapigwa lini? Aprili hadi Oktoba. Namba ya nyuzi 16 chini ya sifuri anaitaka ya nini, wakati siku ya kupimwa rasmi atakuwa amevaa fulana? Kwenye mashindano makubwa wanachukua risasi nane kutoka kwako, wanapima uzito wa kichwa kimoja, wanapiga tatu kwenye kronografu yao (kifaa cha kupima mwendo wa risasi). Ukianguka wanapiga tatu nyingine na kuchukua wastani wa tatu bora kati ya zile sita. Ukifika hapo na risasi iliyopimwa kwenye joto la chumba, uko karibu zaidi na hali halisi.

Na kuna usahihi. Mikono ikifa ganzi, huwezi kujua kama kundi la tundu limetawanyika kwa sababu ya risasi au kwa sababu yako. Mimi nimewahi kuacha kipimo kizuri kabisa kwa ajili ya shabaha mbaya ya siku moja ya Februari. Mwezi wa tano nilikirudia, tundu zote zikakaa pamoja kwenye eneo la ukubwa wa kadi ya posta.

Ila kabla hujalipia, pigia simu hiyo renji ya ndani uulize mambo mawili. La kwanza, wanaruhusu risasi za kujaza mwenyewe? Nyingine haziruhusu kabisa. La pili, wanaruhusu kronografu? Ile ya kupitisha risasi juu ya vihisi vya mwanga inabidi iwekwe mbele ya mstari, na hakuna renji itakayosimamisha wapigaji wote ili wewe upange tripodi yako. Tena taa za mirija zinapepesa, kinasoma mapepeso yale badala ya risasi, mpaka uwe na taa zake za infraredi.

Mwanashabaha_MN

Asante Mama Zuri. Nimepiga simu sehemu mbili. Moja wamekataa risasi za kujaza. Nyingine wanakubali, lakini kifaa kisivuke meza. Maana yake kronografu ya rada. Mwenzangu ana Garmin Xero anaweza kuniazima. Mimi nina ya vihisi vya mwanga, nilinunua mkononi mwa mtu.

Mzee_wa_Duluth

Marahaba Mama Zuri. Kuhusu usahihi umesema kweli, sibishani. Kwenye baridi pima mwendo na pima kama bastola inafanya kazi, basi. Tundu za shabaha ziache kwa siku ya joto.

Lakini Aprili ya Minnesota si ya Ohio. Saa tatu asubuhi, mechi ya kwanza, unaweza kukuta sifuri kabisa, na boksi limelala kwenye buti ya gari. Akijua kinachotokea kwa nyuzi 16 chini na kwa nyuzi 21 juu, hiyo sifuri ataikadiria katikati bila wasiwasi.

Kijana, hiyo rada iazime. Kifaa cha vihisi kinataka mwanga sawasawa kutoka juu. Huku theluji inarudisha mwanga kutoka chini, na jua la Desemba limekaa chini linachungulia vihisi moja kwa moja, halafu saa kumi na dakika ishirini jioni limezama. Nimeona kifaa hicho kikitoa 1,050, halafu 1,390, halafu hakisomi kabisa. Namba ya 1,390 ukiiamini unaweza kwenda nyumbani kupunguza baruti ambayo haikuwa na kosa. Rada unaiweka mezani kando yako, haijali jua. Kronografu ya kufungwa kwenye kasiba ni ya bunduki, kwa bastola yenye slaidi haikufai.

Betri za rada zinakufa baridini. Kama ni ya betri za kubadilisha, tia za lithiamu, za alkali zinazimia haraka. Yenye betri ya ndani ichaji nyumbani, uje nayo ndani ya koti.

Kasiba_Fargo

Jambo ndugu zangu. Mimi ni wa Bukavu, niko Fargo mwaka wa sita, napiga rivolva ya .38 Special. Nataka kuongeza jambo ambalo halijasemwa, na kwangu ndilo kubwa kuliko hizo kronografu.

Ganda la .38 ni refu, lilitengenezwa enzi za baruti nyeusi. Baruti ya kisasa kiasi kidogo inajaza robo tu ya ganda, au pungufu. Ukiinamisha mdomo wa silaha kabla ya kupiga, baruti inakimbilia mbele, mbali na fataki. Ukiuinua, inarudi nyuma. Risasi ile ile, mwendo tofauti, na kwenye baridi tofauti hiyo kwangu inaongezeka. Kwa hiyo ninapopima napiga tano baada ya kuuinua mdomo polepole kuelekea ukuta wa udongo, na tano baada ya kuuinamisha. Nikiona pengo kubwa, kipimo hicho sikitumii majira ya baridi.

Sababu ni hii. Miaka miwili iliyopita nilikuwa na vipimo vya chini kabisa, risasi zimelala nje, upepo mkali, nimevaa kofia ya sufi juu ya vizuia sauti. Risasi ya nne ikalia "puh". Glavu nene, sikuhisi mtikiso vizuri. Kidole kilikuwa kimeanza kuvuta tena. Mwenzangu wa kando ndiye aliyepiga kelele nisimame. Tulipotoa maganda na kupitisha ufito wa mbao, kichwa kilikuwa kimekwama katikati ya kasiba. Ningepiga ya tano nyuma yake, kasiba ingevimba au kupasuka mkononi mwangu.

Toka siku ile, kila risasi ya majaribio lazima nione tundu jipya kwenye karatasi kabla sijapiga inayofuata. Rada pia inasaidia: ikikosa namba, nasimama. Na glavu ya mkono wa kupigia naivua, kwa sababu glavu nene ndani ya kikingio cha triga ni hatari nyingine.

Wenye magnamu, zile risasi zenye nguvu zaidi, wasome vizuri kitabu: baruti ya H110, ambayo ni baruti ile ile ya W296, mtengenezaji mwenyewe anakataza kuipunguza ovyo.

MamaZuri

Kasiba, pole sana, na Mungu ambariki huyo mwenzako. Hilo la kuona tundu jipya naliandika kwenye ukuta wa chumba changu cha kujazia.

Mlenga_Ngong

Habari za huko kwenye barafu. Mimi niko Nairobi, natumia za kiwandani tu, ila nasoma hapa kwa hamu. Swali: kama baridi inapunguza mwendo, si uongeze tu baruti kidogo mpaka kigezo kirudi?

Mzee_wa_Duluth

Ndugu wa Ngong, swali lako ndilo linaloharibu bastola za watu, acha nilijibu taratibu.

Tuseme Januari umepata 122. Unaongeza, unapata 126 baridini, unafurahi, unajaza elfu mbili za msimu. Julai huku inaweza kupita nyuzi 30, na ndani ya gari lililofungwa juani ni zaidi sana. Risasi zile zile sasa zina baruti yenye joto. Shinikizo limepanda, na wewe ulishaanza juu. Kiwango cha juu cha shinikizo cha SAAMI, shirika la Marekani la viwango vya risasi, kwa 9mm ni pauni 35,000 kwa inchi ya mraba, na vipimo vya vitabu vimepatikana kwenye joto la kawaida la chumba. Mtu aliyepanda hadi ukingoni mwa kitabu wakati wa theluji, Julai yuko ng'ambo ya ukingo, na hana dalili. Kwenye 9mm usitegemee fataki iliyobapaa ikuonye, maana mara nyingi inaonekana ya kawaida wakati mambo yamekwisha haribika.

Basi kipimo chagulia kwenye joto la chumba, ndani ya kitabu, kikiwa na nafasi ya kutosha juu ya 125. Mimi nataka 129 hadi 131. Baridini kikishuka hadi 126, sawa. Kikianguka, badilisha kichwa au baruti. Usikifukuze kwa kijiko.

Mlenga_Ngong

Nimeelewa, Mzee. Asante.

Mwanashabaha_MN

Narudi na majibu. Ijumaa jioni nilikwenda ndani, Jumamosi asubuhi nje, nyuzi 14 chini ya sifuri, kila mahali na rada ile ile. Wastani wa risasi kumi kumi.

124, kipimo cha chini: ndani 1,019, nje 990. Kigezo 126, halafu 122.
124, kipimo cha juu: ndani 1,052, nje 1,023. 130, halafu 126.
147, kipimo cha chini: ndani 848. Imeanguka hata kwenye joto, nje sikuhangaika nayo.
147, kipimo cha juu: ndani 872, nje 849. 128, halafu 124.

Lile la 124 ya chini lilinisumbua pia: slaidi haikurudi hadi mwisho mara mbili. Nilidhani ni risasi. Kumbe nilikuwa nimepaka grisi nzito ya kiangazi, imeganda kama samli. Nikaifuta yote kwa kitambaa kikavu, nikaacha mafuta mepesi tone moja, risasi sita zilizobaki zikapita bila shida.

Maganda mengine yamepotea. Yanatoka ya moto, yakigusa theluji yanazama moja kwa moja. Nilikusanya baadhi tu.

Nimeamua 124 ya juu ndiyo risasi yangu. Ya 147 naipenda kwa ulaini wake, nitarudi kitabuni kuona kama ina nafasi ya kupanda, nikipima kwenye joto la chumba kama Mzee alivyosema.

Kasiba_Fargo

Tandika turubai upande wa kulia, pana, uweke mawe pembeni. Na ukifika nyumbani usifungue begi mara moja. Liache limefungwa saa kadhaa bastola na risasi zipate joto polepole, la sivyo zitatoa jasho lote la chumba.

Mwanashabaha_MN

Begi nilishalifungua, kaka. Bastola ilikuwa imelowa kabisa, nimeifungua yote nikaikausha na kuipaka mafuta. Turubai nanunua kesho.