Sinema ya mapigano ipimwe kwa hadithi au kwa ngumi?

Mkaa_Mbele:
Ndugu zangu, salaam. Juzi nilitazama "Twilight of the Warriors: Walled In", sinema ya Hong Kong ya mwaka 2024 iliyoongozwa na Soi Cheang. Kijana mkimbizi anayehangaikia kitambulisho anatapeliwa na genge la Mr. Big, ambaye anaigizwa na mkongwe Sammo Hung. Kwa hasira anakwapua mfuko wao na kukimbilia katika mtaa wa Kowloon Walled City. Mapigano yamenikosha, lakini siri ya uzazi wa kijana huyu niliibashiri mapema mno. Je, mhakiki aanze na kipi?

Bila_Chumvi:
Ndugu, hapa viwili hivyo havitenganishiki. Mtazame Cyclone (Louis Koo), kinyozi ambaye ndiye mlezi wa mtaa mzima: mara ya kwanza anamshinda kijana bila kutoka jasho, lakini tukishajua kwamba mapafu yake yameharibika, kila pigo analorusha linamgharimu pumzi, nasi tunaliona hilo bila mtu yeyote kutuhutubia. Anayeandika "mapigano makali, hadithi nyepesi" akaishia hapo hajahakiki kitu. Aeleze ni pigano lipi lilibadilisha nini baina ya wahusika.

Mwana_wa_Bara:
Nakubaliana nawe hadi anapoingia King (Philip Ng), ambaye mwili wake haupenywi na kisu kwa sababu ya nguvu za kimizimu. Kenji Tanigaki, aliyepanga mapigano, alikuwa ametuzoesha miili inayoumia na vichochoro ambamo mtu hapati hata nafasi ya kuinua teke, kisha ghafla kijana yule na wenzake watatu wanamtwanga adui asiyeumia, na hofu yangu ikayeyuka. Linaloiokoa sinema ni mtaa wenyewe. Ule wa kweli, uliobomolewa kuanzia mwaka 1993, ulikuwa na watu zaidi ya 30,000 katika eneo lisilofika hekta tatu, na waliojenga mandhari hawakusahau nyaya zinazoning'inia wala watu wanaochapa kazi gizani. Hivyo vijana wanapopigania mahali hapo, unaelewa wanapigania nini.

Shangazi_wa_Picha:
Wanangu, sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video, ambako mtafsiri alituhadithia juu ya picha (na mara nyingine akatunga yake kabisa), tulimjua stelingi kwa namna alivyosimama kabla hajafungua mdomo. Basi Mkaa_Mbele, kabla hujaandika, rudia lile pigano la ndani ya basi la ghorofa ukiwa umezima sauti. Angalia kama unaweza kufuata nani yuko wapi, nani amebanwa na viti, na ni wakati gani kijana anaacha kushambulia na kuanza kutafuta pa kutokea. Kisha fanya vivyo hivyo kwa pigano la mwisho, uone kama Mwana_wa_Bara anamwonea King au la. Mimi naona hamwonei.