Amin alipong'oka, mbona Uganda haikutulia?

Kijana wa Kirumba:
Wakuu, wazee wa hapa Mwanza wanasimulia sana ndege ya Libya ya Machi 1979, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, na askari wetu wa Tanzania walivyoingia Kampala Aprili wakamtoa Idi Amin. Kilichofuata huko Uganda hawakigusi. Mbona waasi waliota kila kona wakati dikteta kashaondoka?

Mvuvi Igombe:
Mkuu shida ilianzia palepale, ile UNLF, muungano wa Waganda waliompinga Amin ulioundwa Moshi, ilikuwa makundi mengi yaliyounganishwa na kumchukia Amin tu na mengine yana bunduki zake yenyewe, rais wa kwanza baada ya Amin, Lule, akakaa siku 68 akatolewa, aliyemfuata, Binaisa, jeshi likamtoa Mei 1980, Desemba kwenye uchaguzi Obote akatangazwa mshindi wenzake wakasema kura zimeibwa, Februari 1981 Museveni akaanza uasi kwa kuvamia kambi ya jeshi ya Kabamba. Na silaha sasa! Askari wa Amin walikimbia ghala la silaha la Moroto, Wakaramojong, wafugaji wa huko kaskazini mashariki, wakajibebea, wizi wa ng'ombe ukawa vita kabisa.

Mama Nansio:
Kaka umemaliza vizuri ila usiache kaskazini. Museveni alipochukua Kampala Januari 1986 askari wa Okello, jenerali aliyempindua Obote 1985, walirudi kwao Acholi na silaha, likazuka kundi la waasi la UPDA, akaja Alice Lakwena, mwanamke aliyedai kuongozwa na roho, na wafuasi waliojipaka mafuta wakiamini risasi haziwapati, alipopigwa 1987 Kony akaendelea na kundi lake la waasi, LRA. Inaniuma sana hapo, watoto waliotekwa kubebeshwa bunduki wengi hawakuwa hata wamezaliwa Amin anaanguka.

Kijana wa Kirumba:
Asante dada, hiyo UPDA ndo naisikia leo.