Naomba ushauri: umbali wa Dodoma–Morogoro kwenye QGIS (programu ya ramani), UTM (ramani bapa ya kanda kwa kanda) au elipsoidi (umbo la dunia)?

Wakuu, habari za kazi. Nina nukta za GPS (EPSG:4326, yaani latitudo na longitudo kwa nyuzi) za njia ya bomba toka Dodoma hadi Morogoro. Njia inavuka nyuzi 36 mashariki, mpaka wa kanda za UTM 36S na 37S, na hapo ndipo pananichanganya.

EPSG:3857 (mfumo wa ramani za wavuti) nimeshaitupa: kwa latitudo hii inarefusha mstari wa mashariki–magharibi karibu mita 6 kila kilomita. Fomula ya QGIS length($geometry) nayo inatoa nyuzi badala ya mita, hivyo natumia $length, inayopima juu ya elipsoidi, elipsoidi ya mradi ikiwa WGS 84 (ile ya GPS).

Nikilazimisha yote kwenye EPSG:32737 (UTM 37S), vipimo vinapungua sentimita 40 kwa kilomita kwenye nyuzi 39, katikati ya kanda, halafu vinazidi karibu mita 1 kwa kilomita kwenye nyuzi 36. Kwa uzio wa shamba si kitu, ila kwa bomba refu fundi atauliza.

Je, mnakata mstari kwenye nyuzi 36 na kupima kila kanda peke yake, au $length yatosha? Miinuko mnaiongezaje? Mteremko wa asilimia 10 ni mita 5 zaidi kwa kilomita, na $length haiuoni.

Pia baadhi ya nukta ni za Arc 1960 (mfumo wa zamani wa ramani za Afrika Mashariki). Zisipogeuzwa zinahama karibu mita 300. Mnatumia vigezo gani vya kugeuzia?