Nyumba za kale za Kilwa Kivinje: Serikali ikaze sheria, au wenye nyumba waachwe wajenge?

MLETA MADA

Wadau, ukitoka Nangurukuru, njia panda ya kuingia Kilwa, ukashuka Kivinje hadi ufukweni, unakuta mtaa wa nyumba za mawe na chokaa. Nyingine zina watu, nyingine zimebaki kuta na mizizi ya miti imeingia madirishani. Boma la Mjerumani linatazama bahari likiwa limechakaa vibaya. Swali ninaloleta: mtu azuiwe kabisa kugusa ukuta wa kale bila kibali, au aachwe abomoe, aweke tofali na bati, maisha yaendelee?

Msimamo wangu nautoa mapema. Sheria tuliyonayo inalinda mawe na kumsahau mwenye mawe, na ndiyo maana nyumba zinaanguka.

Kilwa tunayofundishwa shuleni ni Kilwa Kisiwani, mji wa magofu ulio kisiwani: Ibn Battuta alifika 1331, Wareno wakaivamia 1505, UNESCO ikaiorodhesha 1981. Kivinje iko bara na fahari yake ni ya karne ya 19. Misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilishukia hapa na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Sehemu kubwa ya watumwa waliouzwa sokoni Unguja walipitia pwani hii. Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga biashara hiyo baharini mwaka 1873, utajiri wa mji ukaanza kutikisika. Mjerumani naye hakupokewa kwa maua. Mwaka 1888 maofisa wawili wa kampuni yake waliuawa Kilwa, na 1895 Hassan bin Omari Makunganya akanyongwa Kivinje kwa kupigana nao.

Kilichoumaliza mji hasa ni kina cha maji. Bahari ikipwa Kivinje unabaki na tope na mikoko, na meli kubwa inatia nanga mbali. Jahazi linavumilia, meli ya mvuke haivumilii. Kilwa Masoko, mji jirani, kuna kina, basi makao ya wilaya yakahamia huko, na hata bandari ya uvuvi iliyowekewa jiwe la msingi 2023 iko hukohuko. Kivinje imebaki na wavuvi wake, hospitali ya wilaya pale Kinyonga, na kuta.

Sasa sheria yenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya 1863. La baada ya hapo, mpaka waziri alitangaze. Kwa mji uliostawi miaka hiyohiyo, mstari huo unapita katikati ya mtaa. Nani ana karatasi ya kuonyesha babu yake aliweka msingi 1860 au 1870?

Tuseme umeamua kutii. Dari za nyumba hizi zimebebwa na boriti za mikoko, na kukata mikoko bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu ni kosa. Chokaa ya kale ilichomwa kwa mawe ya matumbawe na kuni nyingi, na kuni nazo siku hizi zina maswali yake. Ofisi moja inakwambia tengeneza kama ilivyokuwa, nyingine inakukamata barabarani na vifaa. Mvuvi anapiga hesabu yake kimya, anaiachia masika imalize kazi. Ukuta ukidondoka wenyewe, hakuna wa kumuuliza.

MCHANGIAJI WA PILI

Mkuu, polepole. Ukiondoa kibali, baada ya miaka kumi hutakuwa na cha kujadili. Magofu ya Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa 2014. Si kwa maombi. Kuna watu walikaa wakazuia, wakasimamia, wakatengeneza.

Halafu hao wenye nyumba unaowatetea, wakiachwa wafanye watakavyo wanapiga plasta ya saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa unavuta unyevu na kuutoa. Ukiuziba kwa saruji, maji na chumvi vinakwama ndani, plasta inabanduka na kuondoka na mawe. Nyumba iliyohimili miaka mia na zaidi inauawa na mtu aliyedhani anaitengeneza.

MLETA MADA

La saruji nakubaliana nawe kabisa. Lakini mfano wa Kisiwani hauingii hapa. Msikiti Mkuu wa Kisiwani hauna mtu anayelala ndani, hauna mtoto anayeumwa, hauna bibi anayetaka choo kipya. Gofu unaliwekea mlinzi na bango. Kivinje ni mji wa watu, na nyumba ya mawe inataka mtu ndani wa kupanda darini kila mara kuziba nyufa. Akihama huyo, hata kibali cha dhahabu hakikusaidii.

MCHANGIAJI WA TATU

Mimi niulize kitu kimoja tu. Nyingi ya nyumba hizo kubwa ni za nani? Ni za waliotajirika kwa kuuza babu zetu. Waliotembezwa kutoka Nyasa wakafia njiani hawana hata jiwe. Leo kodi yangu ikapake chokaa sebule ya tajiri wa watumwa? Acheni zianguke.

MCHANGIAJI WA NNE

Ndugu yangu, hasira yako ina haki, ila zikianguka wa kwanza kunufaika ni huyo tajiri, maana ushahidi unakwenda naye. Ningekuwa na uwezo ningetengeneza chache tu, na ndani yake nisimulie habari za misafara, si za milango ya nakshi.

Kuhusu fedha: Boma la Mjerumani la Mikindani, kule Mtwara, lililojengwa 1895, lilitengenezwa na shirika la hisani la Uingereza likawa hoteli. Jengo limepona. Upande wa pili, Beit al-Ajaib, jumba la masultani kule Unguja, iko ndani ya eneo la urithi wa dunia, ina mamlaka yake, na bado sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 ikiwa kwenye matengenezo. Kwa hiyo anayesema sheria pekee inatosha, na anayesema fedha pekee inatosha, wote wana la kueleza.

MLETA MADA

Basi nitoe pendekezo, mlipasue. Misitu na Mambo ya Kale wakae meza moja, watenge boriti chache kila mwaka kwa ajili ya matengenezo tu, zenye alama, kwa kibali kinachotoka Kilwa kwenyewe, mtu asifunge safari ya Dar es Salaam kwa ajili ya boriti kumi. Mafundi wa chokaa waliobaki wapewe vijana wa kufundisha. Gesi ya Songo Songo imetoka kwenye maji ya wilaya hii tangu 2004. Halmashauri itenge sehemu ndogo ya mapato yake iwalipe mafundi hao. Mwenye nyumba achangie nguvu kazi. Na atakayebandika saruji baada ya kusaidiwa, hapo sheria imshukie, sitamtetea.

MCHANGIAJI WA TANO

Pendekezo zuri, ila umemtaja “mwenye nyumba” kana kwamba yuko mmoja. Nyumba nyingi za pwani ni za mirathi ambayo haikugawanywa. Warithi ishirini, wengine Dar, wengine Unguja, wengine Muscat, na anayeishi ndani ni mpwa asiye na hati. Huyo ndiye utampa boriti? Akishatengeneza, shangazi atatokea na wakili. Kabla ya mikoko na chokaa, kadhi na mahakama ya mwanzo wapite nyumba kwa nyumba, mirathi zifunguliwe. Mpwa aliyekaa na kutunza awekewe haki ya kuishi hata kama hana fungu. Bila hivyo mnagawa boriti kwa watu watakaofukuzwa.