Mwanangu Mnubi yuko gredi ya 9, ananyimwa cheti cha kuzaliwa mpaka alete kitambulisho cha babu yake!

Wanajukwaa, nimetoka ofisi ya usajili sasa hivi na mikono bado inatetemeka kwa hasira. Hii ni mara ya nne.

Mimi ni Mnubi wa Kibra, hapa Nairobi. Nilizaliwa Kibra, mamangu alizaliwa Kibra, na mamake pia. Wazee wetu, askari waliotoka Sudan wakatumikia KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, walipewa ardhi hapa na Waingereza hao kabla nchi hii haijaitwa Kenya. Mwanangu alizaliwa 2011. Wakati huo mimi na babake hatukuwa na vitambulisho, kwa sababu Mnubi akifikisha miaka 18 hahudumiwi dirishani kama wenzake. Anapelekwa mbele ya kamati kupigwa msasa, yaani kuhojiwa kama kweli ni Mkenya. Changu nilikipata nikiwa na miaka 26! Ndiyo maana mtoto hakusajiliwa mapema, na leo ndiye anayeadhibiwa.

Shule inataka nambari ya cheti iingizwe kwenye mfumo wa wizara wa kusajili wanafunzi. Bila hiyo mfumo haumtambui, na zile shilingi 15,042 ambazo serikali imepanga kwa kila mwanafunzi wa sekondari msingi kwa mwaka hazimfuati. Kila muhula mwalimu mkuu ananiita. Simlaumu sana, anasomesha mtoto ambaye kwa hesabu za wizara hayupo.

Leo karani kaniambia, "Mama, lete kitambulisho cha babu yake mzaa baba." Nikamwambia mzee alishafariki. "Basi barua ya wazee." Nikaitoa. "Hii ni ya zamani, lete mpya." Nyuma yangu alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni. Jina lake likasomwa, akahudumiwa, akaenda zake. Hakuulizwa babu. Sina kinyongo naye, ni haki yake. Mbona si haki ya mwanangu?

Na msiniambie ni karani mmoja mkorofi. Muhula uliopita mwalimu wa Elimu ya Jamii aliwaambia watoto waandike kuhusu ushago, yaani kijijini kwao. Wangu akaandika Kibra: msikiti, makaburi ya wazee, nyumba aliyozaliwa babake. Mwalimu akamrudishia daftari. "Hapana, kwenu kwa asili." Mtoto mmoja akapaza sauti, "Sudan!" Darasa zima likacheka na mwalimu akanyamaza. Tangu siku hiyo jina lake uwanjani ni Sudan. Nimekipekua kitabu chake ukurasa kwa ukurasa: Wabantu, Waniloti, Wakushi. Sisi hatumo hata mstari mmoja. Sasa huyo karani, ambaye naye alilishwa hesabu ya makabila 42 ya Kenya tangu akiwa mdogo, angejuaje kwamba mimi ni Mkenya?

Wamakonde, nao waliokuwa hawatambuliwi kuwa raia, ilibidi watembee kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi mwaka 2016 ndipo wasikizwe. Sisi tulikwenda hadi kwa kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za watoto, na mwaka ule ule wa 2011 ikaamua kwamba Kenya inawabagua watoto wa Kinubi katika uraia. Yaani uamuzi huo una umri wa mwanangu! Februari 2025 Rais akatangaza akiwa Wajir kwamba msasa wa ziada kwa wakazi wa kaunti za mpakani umekwisha. Nilifurahi kwa ajili ya Wasomali wa kaunti hizo, kwa kweli nilifurahi. Lakini Kibra haipakani na nchi yoyote. Sisi tamko letu litatoka lini?

Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto jina na uraia tangu kuzaliwa, na elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Hakisemi akishaleta babu.

Walio na watoto wa gredi ya 9 na wamekwama kama mimi, semeni hapa mliombwa stakabadhi gani na katika kaunti gani. Kifungu cha 47 kinatupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Jumatatu narudi pale dirishani, na wakinikatalia tena siondoki mpaka wakatae kwa barua yenye muhuri. Atakayekuja nami aseme.