Klonidini ya mtoto: naweza kuisitisha likizo ya Agosti?

Mama Jabali, Umoja

Habari zenu. Kijana wangu ana miaka 9. Daktari wa watoto alimchunguza, akauliza na mwalimu, akasema ni ADHD, yaani tatizo la kutotulia na kutomakinika, akamwandikia klonidini: nusu kidonge asubuhi, kimoja usiku. Kwenye duka la dawa yule kijana wa kaunta akaniuliza, "Mwenye presha ni wewe?" Nikampigia daktari palepale, akanihakikishia kwamba dawa ni hiyohiyo.

Sasa usiku mtoto analala, kitu ambacho hatukuwa tumekizoea kabisa. Kazi ya shule anaimaliza. Lakini asubuhi anasinzia kwenye matatu, na mwalimu ameniandikia kwamba vipindi vya kwanza vinampita. Agosti anaenda kwa nyanya yake Kakamega. Babake anasema huko hakuna darasa, dawa ipumzike. Nyanya naye, ambaye humeza amlodipini, ananiambia, "Zikiisha zangu zipo, si zote ni za presha?" Mimi naogopa. Mwenye ujuzi anisaidie.

Mfamasia wa Ngara

Mama Jabali, umeuliza mapema na nimefurahi sana. Tafadhali dawa isikatizwe ghafla, na vidonge vya nyanya visimguse mtoto.

Klonidini hufanya kazi kwenye ubongo. Inapunguza zile amri zinazobana mishipa na kuukimbiza moyo, ndiyo maana inashusha presha, na kwa watoto wengine inatuliza papara na kuleta usingizi. Marekani waliidhinisha mwaka 2010 aina yake inayoachiliwa polepole mwilini, kwa ADHD ya watoto wa miaka 6 hadi 17. Amlodipini hulegeza mishipa yenyewe na haiwezi kushika nafasi ya klonidini.

Ukiikata ghafla, zile amri hurudi kwa nguvu. Presha inaweza kupanda juu kuliko ilivyokuwa kabla ya dawa, moyo ukaenda mbio, kichwa kikauma, mtoto akatetemeka na kukosa utulivu. Kwa hiyo kuacha ni kwa kupunguza kidogo kidogo, na ratiba anaitoa daktari. Mwambie babake hivyo hivyo. Kusudi lake ni jema, lakini mwili haujui kwamba shule zimefungwa.

Kuna jambo watu wengi hawaambiwi: mtoto akiharisha na kutapika, dawa haikai tumboni, na hiyo ni sawa na kuikatiza. Akitapika huko Kakamega, msisubiri kesho, pigeni simu kwa daktari. Akisahau dozi moja, asipewe mbili kufidia.

Kusinzia hutokea sana mwanzoni au dozi inapoongezwa, na mara nyingi hupungua. Hata hivyo mpelekee daktari habari ya mwalimu, kwa sababu ile nusu ya asubuhi anaweza kuibadilisha yeye. Mafua yakija usimpe Piriton bila kuuliza, itamzidishia usingizi. Na soma pakiti: vile vya kuachiliwa polepole havikatwi wala kusagwa kwenye uji. Kwa kuwa wewe umeambiwa nusu, thibitisha kwamba ulichopewa ni kile cha kawaida.

Baba wa Kayole

Mimi ni mtu mzima, nimetumia klonidini kwa presha yangu mwenyewe, na atenolol pia, dawa nyingine ya presha. Daktari alipotaka kuniondoa kwenye zote mbili alianza na atenolol, akasubiri siku kadhaa, ndipo akapunguza klonidini pole pole. Nilidhani ni mzunguko wa bure hadi aliponieleza kwamba ukianza kinyume, presha ikipanda hupanda vibaya zaidi. Daktari wa mtoto ajue kila dawa anayomeza. Na nikiamka usiku nakaa kwanza kitandani, kwa sababu ukisimama haraka kizunguzungu kinakuangusha. Mfundishe kijana hivyo.

Mama Jabali, Umoja

Asanteni kutoka moyoni. Nyanya ana mashine ya kupima presha, amenunuliwa na shemeji. Nimwombe ampime mtoto kila jioni? Na kule kuna binamu wa miaka 2.

Mfamasia wa Ngara

Mkanda wa mtu mzima kwenye mkono mwembamba husoma presha chini kuliko ilivyo, kwa hiyo utampa nyanya matumaini ya uongo. Muulize daktari kama anataka kipimo kabla ya safari, kwenye kliniki yenye mkanda wa watoto.

Huyo wa miaka 2 ndiye ananitia wasiwasi zaidi. Hata kidonge kimoja kinaweza kumlaza usingizi mzito, kikapunguza pumzi na mapigo ya moyo. Dawa zifungiwe kwa kufuli, si juu ya kabati tu. Akimeza, hata kama anaonekana mzima, akimbizwe hospitali na pakiti ichukuliwe.

Nunua za kutosha likizo yote na wiki moja ya ziada, maana si kila duka la dawa huwa na klonidini.

Mama Jabali, Umoja

Nimepata nafasi kwa daktari Alhamisi. Babake tunaenda naye, na kufuli ameshanunua.